Fizikia ya chekechea: mikono ianze, lakini tusiiamini sana

Asubuhi mpe mtoto wa miaka sita kijiko cha chuma mkono huu na mwiko wa mti mkono ule, vyote vimelala jikoni usiku kucha. Muulize kipi ni baridi. Atakwambia kijiko, na hatasita. Weka kipimajoto: jotoridi, yaani kiwango cha joto, ni lile lile. Chuma kinaondoa joto la kiganja upesi, mti unaliondoa polepole, na ngozi inachohisi ni joto linavyomtoka mtoto, si jotoridi la kijiko.

Wanaobishana kuhusu fizikia kwa watoto wadogo wangefaa wajaribu hilo kwanza. Kuna wanaosema weka fomula kando, mtoto aguse, amwage, arushe, na fizikia itamwingia. Wengine wanajibu kwamba fizikia bila vipimo na maneno yake sahihi ni mchezo tu, na mchezo hauna mtihani. Mimi niko karibu zaidi na wale wa kwanza, ila kijiko kinanizuia kuhamia kwao na virago vyangu vyote.

Wale wa kwanza wana hoja nzito. Mwaka 1985 wanasaikolojia Renée Baillargeon na Elizabeth Spelke, pamoja na mwenzao, waliwaonyesha watoto wachanga wa miezi mitano kibao kinacholala kuelekea nyuma, na nyuma yake kuna sanduku. Kibao kilipoonekana kupita pale pale lilipo sanduku, watoto walikodoa macho kama walioshangaa, kwa muda mrefu zaidi kuliko kiliposimama kilipotakiwa kusimama. Kwa hiyo anayesema mtoto wa chekechea ni mdogo mno kwa fizikia amechelewa, mwenzake keshaanza zamani. Anayekimbiza tairi mtaani anajua aliinamishe vipi likate kona, na mwenye manati anajua avute mpira kiasi gani. Kumwekea huyo ubaoni maana ya kani, yaani nguvu inayosukuma au kuvuta, ainakili ni kumrudisha nyuma.

Lakini mkono hujua pia mambo yasiyo kweli. Mwaka 1980 mwanasaikolojia Michael McCloskey na wenzake, huko Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu mchoro wa bomba lililojiviringa, limelala bapa. Gololi inaingia mdomo mmoja. Je, ikitoka mdomo wa pili itapita njia gani? Si wachache waliochora gololi ikiendelea kupinda, kana kwamba imezoea kona. Ukweli ni kwamba inakwenda moja kwa moja. Jaribu sakafuni kwa kipande cha mpira wa maji na gololi. Hao walikuwa watu wazima, na baadhi yao walikwishasoma fizikia. Hisia ya utotoni haifi kwa kupuuzwa.

Hapo ndipo beseni la maji linapokuwa somo gumu kuliko linavyoonekana. Mtoto anadai kizito kinazama. Tumbukiza nazi kavu na makumbi yake: inaelea. Tumbukiza changarawe ndogo: inazama. Hakubali kushindwa, anakwambia nazi ina hewa ndani. Si jibu baya. Sasa chukua donge la plastisini, ule udongo laini wa kufinyangia, lizame, kisha lifinyange liwe mtumbwi: linaelea, na uzito wake haujabadilika hata chembe. Mwalimu akiishia kuwapigia makofi baada ya nazi, darasa linatoka na imani kwamba hewa ndiyo jibu la kila kitu. Kuchagua kitu gani kifuate, na kumtaka mtoto aseme atakachokiona kabla hakijaguswa, ndiyo kazi yenyewe. Makala ya watafiti wa elimu Kirschner, Sweller na Clark ya mwaka 2006 ilipinga kuwaachia wanafunzi wapya wagundue wenyewe bila mwongozo wa kutosha, na kwa hilo siwabishii. Anayeitumia kutetea kukariri ndiye ninayembishia.

Ufaransa walijaribu kuunganisha pande hizi. Georges Charpak, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya mwaka 1992, alishiriki kuanzisha programu ya shule ya La main à la pâte, yaani mkono kwenye unga, mwaka 1996. Humo mtoto ana daftari la majaribio, anaandika au kuchora alichodhani na alichokiona. Daftari na kalamu hata kwetu vipo.

Hapa nyumbani mfano unaopendwa ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanzania, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye friji wa moto ukiganda kabla ya uliopozwa, na mwalimu akamwambia amejichanganya. Mwaka 1969 akachapisha makala na mwanafizikia Denis Osborne. Hadithi hii husimuliwa kama ushindi wa udadisi, na ni kweli. Ila mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima tena kwa uangalifu, wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji moto hupoa upesi kuliko ya baridi, na ubishi ungalipo. Jicho liliuliza vizuri. Kujibu ni kazi ya kipimajoto, na pengine hata mahali kinapowekwa kwenye maji kunabadilisha jibu.

Walimu wana malalamiko ya haki. Darasa likijaa, beseni moja ni la waliokaa mbele. Kenya, ulipoingia mtaala wa umilisi, unaopima anachoweza kufanya mtoto, wazazi walilalamika kutafuta vifaa usiku kwa ajili ya kesho yake. Hayo yana dawa ya kawaida: makundi madogo, vifaa vya jikoni, na kipindi kimoja kisichokimbizwa.

Kikwazo kigumu zaidi ni mtihani. Swali likisema "Taja vitu vitatu vinavyoelea", mtoto aliyefinyanga mtumbwi akajibu kwamba inategemea umbo, anapata sifuri, na mwakani mwalimu wake atakuwa mjinga akitoa beseni kabatini. Ningeanzia hapo kabla ya kununua kifaa chochote: mchoree mtoto donge la plastisini lililo chini ya maji, umwambie achore atakavyolifanya lielee, na aandike sentensi moja ya kwa nini.