Zamu za muda na usonji: punguza wodi mpya

Wauguzi, wafamasia na wataalamu wa maabara wenye usonji huambiwa mara kwa mara kwamba kazi za muda haziwafai, kwa kuwa kila siku ina sura yake. Wapo pia wanaowaambia kinyume: jiunge na wakala wa kazi za muda, uepukane na vikao, majungu na siasa za idara. Pande zote mbili zina ukweli kidogo, ila zinapima kisichohusika. Kupima presha, kuandaa dawa au kusoma sampuli ni kazi ileile kila uendako. Kinachomaliza nguvu ni zamu ya kwanza mahali usipopajua. Aliyefanya zamu kumi katika wodi moja amekuwa mgeni mara moja. Aliyefanya zamu kumi katika wodi kumi amekuwa mgeni mara kumi, na malipo yao huenda yakalingana.

Ndiyo maana ombi la kwanza kwa wakala liwe zamu za mfululizo mahali pamoja. Marekani, mikataba ya wauguzi wanaosafiri kwa kawaida ni ya wiki 13, na mpango wa namna hiyo una nafuu kubwa kuliko kuamshwa alfajiri kwa simu uende usikokujua. Kama wakala hana mikataba mirefu, mpe majina ya wodi mbili au tatu ulizokwisha kuzizoea, umwambie akupange huko kwanza. Mwanzoni utakosa baadhi ya zamu. Naona hasara hiyo inavumilika, maana uchovu wa kuwa mgeni kila juma ndio hatimaye humfanya mtu aache kazi miezi mizima.

Kabla ya kusaini, uliza pia kama unaweza kuhamishwa wodi katikati ya zamu. Wodi nyingine ikipungukiwa, mara nyingi mfanyakazi wa muda ndiye anayepelekwa, kwa sababu hana wa kumtetea. Kama inaruhusiwa, yaandikwe majina ya wodi unazoweza kupelekwa, na iandikwe kwamba kuna mtu wa kukuonyesha mazingira kabla hujakabidhiwa wagonjwa.

Siku ya kwanza fika nusu saa mapema ukiwa na karatasi moja yenye nafasi za kujaza: kigari cha dharura na defibrileta (mashine ya kushtua moyo) viko wapi, namba ya kuita timu ya kufufua ni ipi, nani ana funguo za kabati la dawa, pampu za dripu ni za aina gani, choo na mahali pa utulivu ni wapi. Izungukie wodi ukiijaza karatasi hiyo kwa mkono. Usitegemee kukumbuka maelezo ya mdomo yaliyotolewa kwa haraka huku simu zikilia. Nywila ya kompyuta iombe kwa wakala siku kadhaa kabla, kwa maana hapo ndipo mambo huharibika zaidi: mgeni hana nywila, mwenzake anamwambia “tumia yangu tu”, na dawa zinaandikwa kwa jina la mtu ambaye hakuzitoa. Kosa likitokea, ninyi wawili ndio mtakaojibu. Kataa, uandike kwenye fomu za karatasi za dharura, na umjulishe kiongozi wa zamu.

Kisha kuna maagizo ya nusunusu. “Mwangalie yule wa kitanda cha nne” ni agizo ambalo wafanyakazi wa kudumu hulielewa kwa mazoea, na mgeni mwenye usonji huona aibu kuuliza lina maana gani. Uliza bila haya: niangalie nini, kila baada ya dakika ngapi, na kipimo kikifika wapi nikuite? Swali hilo linaokoa watu. Chukua mfano wa kiwango cha oksijeni kwenye damu. Kwa watu wazima wengi lengo ni asilimia 94 hadi 98, lakini kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu ambaye yuko katika hatari ya kulimbikiza kaboni dayoksaidi, lengo ni 88 hadi 92. Mgeni anayeona 90 na kuongeza oksijeni bila kuuliza anaweza kumdhuru mgonjwa aliyekuwa salama. Kupenda uhakika, ambako huitwa usumbufu vijiweni, hapa ni utaalamu kamili.

Simu kwa daktari ni mtihani mwingine. Usipige bila kuandika. Tumia mpangilio wa hatua nne ulioanzia katika jeshi la majini la Marekani, kisha hospitali zikauchukua: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini yako, na unachoomba. Sentensi moja au mbili kwa kila hatua zinatosha. Wengi hukwama kwenye ya nne. Wanaeleza vizuri halafu wananyamaza wakisubiri daktari aelewe. Sema wazi: “Naomba uje umwone ndani ya dakika 15.” Akikujibu, mrudishie agizo lake kwa maneno yako kabla ya kukata simu.

Upande wa hisi za mwili, kama kusikia na kunusa, usione kama ni kudeka. Tangu 2013 DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, unataja hisi kali kupita kiasi, au hafifu kupita kiasi, miongoni mwa dalili za usonji. Milio ya mashine haizimwi, basi punguza makali yake. Vizibo vya masikio vya sponji hukata zaidi sauti nyembamba, zile zinazobeba konsonanti za maneno na milio mingi ya hatari, hivyo vinafaa chumba cha mapumziko tu. Ukiwa na wagonjwa, tafuta vile vinavyoshusha sauti zote kwa kiwango kinachokaribiana, kama desibeli 15 hivi. Kabla ya kuvitegemea, simama mwisho wa wodi, umwombe mwenzako alize kengele ya majaribio. Usipoisikia vizuri, vitoe. Sare mpya ifue mara kadhaa na ukate lebo. Harufu ya kitakasa mikono ikikutibua, ulizia kisicho na manukato: nguvu iko kwenye alkoholi, na fomula za Shirika la Afya Duniani zina ethanoli asilimia 80 au isopropanoli asilimia 75.

Wenye hisi hafifu wana tatizo la kimyakimya zaidi, la kutohisi njaa, kiu au mkojo mpaka mwili unapogoma saa ya tisa ya zamu. Kengele ya kukumbusha inafaa, lakini saa ya mkononi hukatazwa katika wodi nyingi kwa ajili ya usafi wa mikono. Weka mfukoni kifaa kinachotetema.

Je, useme una usonji? Sikubaliani na wanaohimiza kumtangazia kila mtu siku ya kwanza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, katika ibara ya 27, unadai marekebisho yanayofaa kazini, na Uingereza na Marekani zina sheria zao. Lakini mwajiri hawezi kurekebisha asichokijua, kwa hiyo mwandikie wakala, utunze nakala, na umuulize nani atakayewajibika, yeye au hospitali, kwa sababu wakiachiana mpira unabaki bila kitu. Wodini taja hitaji lenyewe: “Nifanyie maelekezo kwa maandishi.” Hilo linatekelezeka papo hapo, jina la hali yako peke yake halimwambii kiongozi wa zamu afanye nini.

Jambo la mwisho ni ukimya. Mfanyakazi wa muda asiyependwa hafukuzwi. Simu zinaacha tu kuja, na anayetegemea aambiwe waziwazi anaweza kukaa wiki kadhaa akidhani hakuna zamu. Mwishoni mwa kila zamu muulize kiongozi: “Kuna nililoliacha au nililolifanya tofauti na utaratibu wenu?” Ukikaa wiki mbili bila kuitwa mahali ulipokuwa ukiitwa, mwandikie wakala maswali mawili: je, wodi imeomba nisirudi, na kama ndivyo, sababu iliyoandikwa ni ipi? Akijibu kwa simu, mtumie ujumbe unaorudia alichosema, umwombe athibitishe.