Siku Zimamoto Walipokuja Kunusa Giaboksi

Gari letu la safari ni Volkswagen T3 la mwaka 1986, lenye paa la kunyanyuka, jiko la gesi la mafiga mawili na kitanda cha nyuma ambacho uvunguni mwake, mahali ambapo watu wengine huweka masanduku, kuna injini. Injini yenyewe ni dizeli ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 50, na farasi hao wamezeeka pamoja na mwenye gari. Tukipanda vilima vya Kassel, hapa Ujerumani, katika barabara kuu ya A7, madereva wa malori hutupita huku wakitutazama kwa huruma. Magari haya yaliundwa hapa hapa Hannover, katika kiwanda cha Stöcken, na Afrika Kusini waliendelea kuyaunda hadi mwaka 2002, kwa hiyo vipuri si taabu. Taabu ilikuwa gia ya pili, ambayo asubuhi za baridi haikuingia mpaka ibembelezwe. Kila anayeyajua magari haya angeshauri tuanze na kubadilisha oili ya giaboksi, kazi ya saa moja. Ingekuwa ya saa moja kama Mjomba asingekuwa amewasili kutoka Tanga.

Mjomba ni fundi mstaafu aliyezeekea chini ya Land Rover, na mtu wa namna hiyo humleti Ulaya ukamkalisha kwenye kochi atazame theluji. Alilizunguka gari akitafuta boneti, na nilipomwonyesha kwamba injini iko nyuma, chini ya godoro, alinyamaza kidogo kisha akatoa hukumu: "Hawa watu wana akili. Fundi akichoka analala hapo hapo juu ya kazi."

Dukani tulihitilafiana kuhusu oili. Giaboksi hii hunywa karibu lita tatu na nusu za oili ya SAE 80W-90 ya daraja la GL-4. Mjomba aliona pembeni chupa za GL-5, akataka kujua kwa nini tunachukua nne ilhali tano ipo na tuna fedha. Nilimweleza kwa adabu kwamba GL-5 imezidishiwa viungo vya salfa na fosforasi, ambavyo vinafaa kwa difu zenye kazi nzito, lakini huweza kuzila ringi za shaba zinazosaidia gia kuingia bila kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia muuzaji na kumwonyesha vidole vitano. Muuzaji, ambaye hakuwa na neno hata moja la Kiswahili, alituletea lita tano za GL-4, na hivyo kila mmoja wetu akaondoka akiamini ameshinda. Tulisisitiziwa tuitunze risiti, kwani sheria ya Ujerumani humlazimisha muuza oili kupokea oili chafu kwa kiasi kile kile alichouza. Mjomba aliitia mfukoni mwa koti langu la baridi, ambalo tangu afike lilikuwa limehamia kwake.

Plagi za giaboksi hii ni mbili, moja chini ya kumwagia na nyingine ubavuni ya kujazia, na zote hazina kichwa cha kushikwa na spana ya kawaida. Zina tundu la pembe sita, upana wa milimita 17. Spana yake inauzwa. Mjomba aliiona bei yake, akasikitika kwa niaba ya ukoo mzima, akachukua bolti ya M10, ambayo kichwa chake kina milimita 17 hizo hizo, akakaza nati mbili kwa pamoja kwenye mkia wake, na spana ikawa imepatikana kwa senti. Nakiri kwamba ufundi huo niliufurahia.

Kabla hajaingia uvunguni nilimkumbusha kwamba plagi ya kujazia ndiyo hufunguliwa kwanza, kwa sababu ukimwaga oili yote halafu ya juu ikagoma, utabaki na gari lisiloweza kwenda popote.

"Kwa hiyo," akauliza Mjomba, "kabla ya kumwaga maji machafu ya kwenye ndoo, unakwenda kwanza kuuliza kama bomba linatoka?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Sisi kwetu maji hayakatiki kwa kuulizwa. Shika tochi."

Gari lilikuwa limetembezwa kidogo ili oili ipate moto, iwe nyepesi na kubeba uchafu wake wote. Kwa hiyo plagi ya chini ilipolegea, oili haikudondoka kwa utaratibu ndani ya beseni. Iliruka kwa upinde, ikalivuka beseni na kuingia katika mkono wa koti, hadi kwenye kiwiko. Mjomba hakutetereka. Alisogeza beseni kwa goti, akasubiri mmiminiko utulie, kisha akaitazama plagi kwenye mwanga wa tochi. Sumaku yake ilikuwa imeshika unga wa chuma, mweusi na laini kama wanja. Aliusugua taratibu baina ya kidole gumba na cha shahada, akitafuta chenga. "Unga mtupu," akasema. "Hakuna jino lililovunjika. Giaboksi nzima hii."

Ikaja zamu ya plagi ya ubavuni. Bolti ilikaa vizuri katika tundu lake, Mjomba akavuta, nati zikateleza. Akazikaza upya, akavuta, bolti ikapinda. Fundi aliyeikaza plagi ile mara ya mwisho, popote alipo, alikuwa ameikaza kwa hasira. Oili yote ilikuwa ndani ya beseni, giaboksi tupu, na mimi nilikaa kimya kwa heshima, jambo ambalo Mjomba aliliona kuwa utovu wa adabu mkubwa kuliko kama ningesema.

"Usininyamazie," alisema. "Tafuta kebo ya spidi. Inapoingilia giaboksi pana tundu, tutajazia hapo."

Kwa Land Rover wazo hilo lina mantiki. Mjomba aliishika kebo huko nyuma ya dashibodi, akaifuata kwa vidole hatua kwa hatua, na mwisho wake akaibukia kwenye gurudumu la mbele la kushoto, kwa sababu ndiko gari hili linakopimia mwendo wake. Alikaa chini karibu na tairi akitafakari. Baadaye aliondoa godoro, akafungua mfuniko wa injini, akainama humo na koti lake lililolowa, akitafuta tundu lolote lile ambalo Mungu angemjalia.

Hapo ndipo harufu ilipopata uhuru wake. Asiyewahi kunusa oili ya giaboksi iliyozeeka ajue kwamba salfa iliyomo hupanda moja kwa moja puani na kukaa huko. Sasa, gesi ya majumbani, ambayo kwa asili haina harufu, hutiwa kemikali zinazonuka, nyingi zikiwa ni za salfa hiyo hiyo, ili ikivuja watu wajue. Upepo uliiinua harufu yetu mpaka dirisha la ghorofa ya juu, na jirani yetu, mzee mtaratibu sana, akafanya kile ambacho raia mwema anatakiwa kufanya. Alipiga 112.

Mjomba alikuwa amerudi uvunguni aliposikia ving'ora, kisha akaona msururu wa buti ukilizunguka gari.

"Mwanangu," aliuliza kutoka chini, "umeita mafundi wangapi?"

Askari wa zimamoto walitutaka tuondoke haraka. Nilipomtafsiria Mjomba alijibu kwamba wasubiri, ameshika nati. Mkuu wao aliniuliza kama garini mna gesi, na kwa kuwa jiko ni la gesi na tangi lake limefungwa uvunguni, nililazimika kusema ndiyo, jibu ambalo halikumtuliza mtu yeyote. Walifunga valvu ya tangi, wakapitisha kifaa chao cha kupimia kila mahali, na kifaa hakikutoa sauti. Mwishowe mkuu alikiweka kando, akatumia pua. Alinusa jiko, akanusa godoro, akanusa injini, akaendelea polepole hadi akasimama mbele ya kiwiko cha Mjomba, ambaye alidhani anasalimiwa na kumpa mkono.

Mama Salma alitazama yote hayo kutoka kibarazani, akauliza jambo moja tu: "Baba Salma, hilo si koti nililokununulia?"

Jirani aliteremka akiwa amewiva uso kwa aibu, akaomba radhi, kisha akainama kuchungulia uvunguni, na uso wake ukabadilika. Kumbe miaka yake yote ya kazi ilikuwa katika kiwanda kile cha Stöcken, akiyaunda magari haya haya, na sisi tumeishi chini yake bila kujua. Aliuliza swali moja: je, hatukuanza na plagi ya kujazia?

"Mwambie," alisema Mjomba, "oili ndiyo iliyotaka kutoka mapema."

Mzee alikwenda stoo akarudi na spana halisi ya milimita 17, bomba la chuma la kurefushia mkono wake, na mashine ya kupulizia hewa moto. Bodi ya giaboksi ni ya aloi nyepesi na plagi ni ya chuma. Ukiipasha moto bodi, hupanuka kuliko chuma, na kutu huachia. Mjomba aliielewa mbinu hiyo kabla sijaitafsiri, lakini alinizuia. "Muulize kwanza mkubwa wa zimamoto kama tunaruhusiwa. Wakiondoka halafu warudi, itakuwa aibu."

Waliruhusu, na wawili kati yao wakabaki na mtungi wa kuzimia moto, ingawa nadhani walibaki kwa udadisi. Plagi ilitoa mlio mkali, ikazunguka. Wazee wawili walilala ubavu kwa ubavu juu ya maboksi, mmoja akikamua chupa kwenye mpira, mwingine akiwa na kidole tunduni kupima kimo, huyu akisema Kidigo na yule Kijerumani, wakaelewana mpaka oili mpya ilipoanza kuchuruzika kutoka kwenye tundu. Gia ya pili sasa huingia bila kubembelezwa.

Kesho yake tulirudisha oili chafu dukani. Muuzaji wa zamu alidai risiti, Mjomba akaitoa mfukoni mwa koti: karatasi nyeusi, imelowa, haina hata tarakimu moja inayosomeka. Muuzaji alitikisa kichwa kwamba huo si ushahidi. Mjomba akamsogezea puani, na yule kijana akarudi nyuma hatua mbili, akafungua mlango wa pipa la oili chafu na kutuomba, kwa heshima zote, kwamba koti lisubiri nje.