Pumba kwa nguruwe, sembe kwa mtoto

Mwandishi wa makala ya udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao kwa lishe duni, anashangaa mkoa wa Iringa kuongoza Tanzania, asilimia 56.9 ya watoto kwa utafiti wa 2022, ilhali maghala yamejaa. Sisi wa Mafinga, hukuhuku Iringa, hatushangai. Nenda mashineni jioni uone: mama anakoboa debe la mahindi mpaka yawe meupe pee, anasaga sembe, halafu ile pumba yenye kiini, mafuta na vitamini anampelekea nguruwe. Nguruwe wananawiri kweli! Hata mimi nilikuwa hivyohivyo, dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, niliiona chakula cha bweni. Mume wangu mpaka leo analalamika inamkwaruza koo.

Maharage je? Gunia linasubiri bei ipande. Parachichi zinaondoka na lori, mayai yanabadilishwa sukari dukani, mtoto anabaki na uji mweupe asubuhi na ugali kwa majani ya maboga yaliyochemshwa mpaka yamepoteza rangi. Kijiko cha karanga za kutwanga tu kingesaidia.

Ila mwandishi kasahau jambo moja: msimu wa palizi mama yuko shambani tangu alfajiri, mdogo analishwa na dada yake wa miaka saba, tena uji uliopoa. Hilo nalo liandikwe.