Mlango wa Kepteni

Mmeshaiona klipu. Najua, maana mpaka mama wa genge ameniuliza pua inaendeleaje. Shemeji aliyeirusha kwenye grupu alikata mwanzo wote, ikabaki pua tu. Basi sikilizeni na upande wa pua.

Jumamosi, uani, binti yetu katimiza miaka 10. Nikajitolea tuigize kipande cha Star Trek, tamthilia ya runinga ya safari za anga, ile ya kwanza kabisa ya 1966 hadi 1969. Mimi Kepteni. Dada yangu Luteni Uhura, jina lililochotwa kwenye neno letu uhuru, jambo nililowaeleza wageni mpaka pilau likapoa.

Sasa, milango ya chombo chao cha anga, iliyoonekana kujifungua yenyewe mtu akikaribia, haikuwa na mota. Watu walijificha nyuma ya ukuta wakaivuta kwa mkono, na sauti ikawekwa baadaye. Mwigizaji anakwenda bila kupunguza mwendo, maana akisita tu, uongo umejulikana. Mvutaji akichelewa, shujaa wa anga anajibamiza kwenye mbao. Vipande hivyo vipo, watu wanavicheka mpaka leo.

Nami nikajenga vivyo hivyo: mbao 2 za plaiwudi, reli nimeisugua mshumaa ziteleze, kamba ya nailoni inapita kwenye kapi, kijana wa jirani nyuma ya shuka. Nikikohoa, vuta mpaka mwisho, hesabu mbili, funga. Kamba ilikuwa fupi, nikaiunga kwa fundo. (Mafundi, acheni kucheka, bado.)

Nikakohoa. Mpwa wangu, ambaye ndiye sauti ya mlango, akatoa "shwaaa" safi kabisa. Mlango ukafunguka vidole vinne. Fundo likafika kwenye kapi, likang'ang'ania. Kijana hanioni, kamba imegoma, kwake huo ndio mwisho. Moja. Mimi niko hewani, hatua ndefu, kifua mbele, na wiki nzima nimewafokea wenzangu wasipunguze mwendo. Shavu la kulia likapata ubao wake, la kushoto wake, pua ikapita katikati bila shida yoyote. Mbili.

Akafunga.

Mwenye akili angepiga yowe. Mimi nikasema nilichokariri: "Namna gani, Luteni?" Ila kwa pua iliyobanwa ikatoka, "Dabda gadi, Lutedi?"

Dada yangu, macho makavu: "Dzuri, Keptedi."

Akaja shemeji, ndiye daktari wetu wa igizo, na kichupa cha chumvi. Hilo lilikuwa wazo langu pia: vifaa vya daktari wa kule vingine vilikuwa vichupa vya chumvi vya kweli. Vilinunuliwa kwa kipindi kimoja, vikaonekana vya ajabu mno, wakahofia mtazamaji hatajua kuwa ni chumvi, vikahamia kwa daktari. Shemeji akakipunga juu ya pua yangu kitaalamu kabisa. Kilikuwa cha pilipili manga.

Keki ilikatwa nikiwa na barafu usoni. Zile mbao sasa ni mlango wa banda la kuku, na zinafunguka mpaka mwisho.