Fo-wili otomatiki haivutwi tairi mbili chini jamani

Jumapili iliyopita shemeji kanipigia yuko Chalinze, Subaru Forester yake, fo-wili otomatiki, mpira wa rejeta umepasuka maji yote chini, bahati nzuri aliona mapema akazima kabla injini haijachemka. Brekidauni ikaja, jamaa wakanyanyua tairi za mbele wakazifunga mikanda, gia nyutro, haooo mpaka Kibaha, zaidi ya kilomita 60 tairi za nyuma zinazunguka chini. Shemeji aliwauliza kabisa, akajibiwa "bosi hizi tunavuta kila siku".

Mpira ukafungwa, injini ikawaka vizuri tu. Ile anatoka gereji anakata kona, gari ikakaba kama mtu kavuta hendibreki, tairi ya upande wa ndani wa kona inaruka kwenye kokoto. Fundi akafungua nati ya chini ya gia boksi, oili imetoka nyeusi inanuka kuungua, akachovya kidole akakisugua kwenye kiganja changu. Vumbi la chuma linametameta. Niliumia sana, maana gari ilifika Chalinze na tatizo la mpira tu.

Nyutro haiokoi chochote! Pampu ya oili ya otomatiki inazungushwa na injini, injini ikizimwa oili imelala chini kwenye sampu (bakuli la chini ya gia boksi), huku tairi za nyuma zinazungusha propela (ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu kwenye tairi) na propela inazungusha vya ndani vikiwa vikavu. Na kwa hizi za kuvuta tairi zote, mbele pamefungwa nyuma panazunguka, sasa zile sahani za klachi katikati zinasagana njia nzima, kwa nini zisiungue? Kuna wanaosema chomeka fyuzi ya FWD (ya kufanya gari ivute mbele tu) kwenye Subaru za zamani za gia nne, sawa inaachia klachi ya nyuma, ila haipeleki oili popote.

IST au Vitz ya kuvuta mbele tu, nyanyua mbele uende, hilo nawapa. Na Wamarekani wanavuta Jeep Wrangler nyuma ya magari-nyumba tairi zote nne chini siku nzima, lakini ile ina transfa (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma) yenye N, yaani nyutro, yake, ukiiweka hapo gia boksi inatengana na propela zote mbili. Forester hiyo N ya transfa haina, na RAV4, Harrier na X-Trail za fo-wili ni hivyohivyo. Kitabu cha gari kingekwambia, ila zetu zinakuja na kitabu cha Kijapani au bila kabisa.

Kwa hiyo ukiharibikiwa njiani sema mapema kwenye simu, gari ni fo-wili otomatiki, nataka ya kubeba juu tairi zote nne, au waje na vitoroli vya kuweka chini ya tairi za nyuma. Wakikwambia ipo mbali inafika kesho, lala Chalinze. Gesti zipo.