Dumu linadumu, lakini kwa kazi gani?

Ukitoka Singida kuja Dodoma utakutana na maduka yasiyo na milango: meza za miti kando ya lami, juu yake mafuta ya alizeti kwenye madumu ya lita 5 na asali kwenye chupa za maji ya kunywa. Vyombo hivyo vilitoka kiwandani vikiwa na kazi nyingine kabisa, na chupa nyingine bado zina lebo ya maji. Matumizi ya pili ya vitu tuliyaanza zamani, kabla mtu yeyote hajatuitia semina.

Ndiyo maana nikisikia wakazi wa Dodoma wakihimizwa "wajifunze" kutumia vitu upya, huwa najiuliza nani anamfundisha nani. Mama wa Chang'ombe hatupi dumu. Likipasuka juu linakatwa, linakuwa beseni la kulowekea nguo. Likitoboka chini linajazwa udongo na kupandwa mchicha. Kiroba kilichotoka na mahindi soko la Kibaigwa hubeba mkaa, kisha pumba, na kikichoka hupasuliwa na kutandikwa uani kuanikia mlenda. Mpira wa ndani wa tairi hukatwa kamba za kufungia mzigo kwenye baiskeli, na tairi lenyewe hutoa katambuga ambazo fundi wake hana haja ya kukupa warantii. Katika mji ambao mvua yake ni kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, chombo cha kuhifadhi maji ni mali. Nani atupe mali?

Huo ndio upande wa sifa, na kwa muda mrefu nilikuwa huko.

Kilichonitikisa ni maji niliyopewa shambani, upande wa Hombolo, siku ya jua kali. Yalikuwa kwenye dumu jeupe, safi kwa macho, ambalo lebo yake ilikuwa imebanduliwa nusu. Kwenye nusu iliyobaki kulikuwa na alama ya fuvu. Wakulima wa zabibu hupambana na ubwiri unga na wadudu kila msimu, na dawa huja kwenye vyombo imara kuliko ndoo nyingi za dukani. Mwenyeji wangu aliniambia ameliosha kwa sabuni na mchanga, na namwamini. Tatizo ni kwamba plastiki hunywa. Ukitaka kuhakikisha, chukua dumu lililowahi kukaa mafuta ya taa, lioshe wiki nzima, kisha weka maji na uyanuse. Mafuta ya taa angalau yana adabu ya kutoa harufu; viuatilifu vingine havitoi. Kanuni ya vyombo vya dawa ni kuvisuuza mara tatu, maji hayo yakimiminwa kwenye pampu ya kupulizia, kisha kuvitoboa visitumike tena. Kumwambia mtu wa Dodoma atoboe dumu zima ni sawa na kumwambia avunje sufuria, lakini hapa sioni njia ya katikati.

Hata yale mafuta ya barabarani yana kasoro yake. Alizeti ikikaa kwenye chupa angavu juani siku nzima huchacha haraka, na shingo nyembamba ya chupa ya maji haipitishi mkono wa kusugua ndani. Asali inastahimili zaidi. Kwa upande wa majiko na sufuria za kusubu, siwaonei mafundi. Kazi yao naiheshimu. Lakini aluminiamu inayoyeyushwa kutoka vipande vya injini inaweza kuwa na madini ya risasi, nayo huweza kuingia kwenye chakula, hasa chenye uchachu kama nyanya au ukwaju. Karai la kuchanganyia saruji kutoka aluminiamu hiyohiyo halina neno.

Kwa hiyo kuna wanaosema tuache kubahatisha: vitu vikusanywe, viende kiwandani, virudi vikiwa vipya. Hoja ina nguvu hadi utakapopiga hesabu ya barabara. Viwanda vingi vinavyonunua plastiki viko Dar es Salaam, kilomita kama 450 kutoka hapa. Gunia la chupa tupu ni gunia la hewa. Lori linajaa kabla halijapata uzito, na nauli ya hewa hiyo humkata mtu wa chini kabisa, yule anayezunguka na kiroba begani kutoka Majengo hadi Sabasaba. Chuma chakavu hakina shida hiyo. Ni kizito, ndiyo maana huwezi kuacha mfuniko wa chuma nje usiku ukaukuta asubuhi. Mashine ya kusaga chupa hapahapa mjini ingebadilisha hesabu kuliko mabango yote ya usafi, kwa sababu plastiki iliyosagwa hulipa nauli yake.

Tena tulikuwa na mfumo uliofanya kazi bila hotuba: chupa ya soda ya kioo. Hukuondoka nayo dukani bila kuacha chupa tupu au hela. Mtoto aliyevunja chupa alijua atasemwa. Chupa ile ilirudi kiwandani na kujazwa tena na tena, na hukuiona mtaroni. Kisha ikaja soda ya plastiki, unakunywa ukitembea, na kipya kinyemi. Mwaka 2019, kuanzia tarehe 1 Juni, Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na miiba ya pembezoni mwa mji ikapumua. Chupa haikuguswa. Sidai ipigwe marufuku. Watu wananywa maji safi kwa sababu yake. Ila ingewekewa rehani kidogo ya kurudishiwa ukirejesha chupa, hata shilingi 50, sidhani kama ingefika dampo la Chidaya. Wenye maduka watalalamika kuhusu nafasi ya kuhifadhia, na wana haki, maana duka la Nkuhungu lenye upana wa mlango mmoja halina stoo ya hewa.

Maganda na mabaki ya chakula sitayazungumza sana. Mwenye mbuzi ameshajibu swali hilo. Asiye na mbuzi anaweza kufanya mboji, mradi akumbuke kwamba kiangazi rundo lisiponyunyiziwa maji hukauka tu bila kuoza, na hapo maji ya kufulia hayafai yakiwa na dawa nyingi ya kung'arisha.

Kinachonisumbua zaidi ni moto. Jioni mtaani, taka ambazo hazikupata mnunuzi huwashwa, na wengine huwashia mkaa kwa kipande cha plastiki kwa sababu kinashika haraka. Moshi ule hukaa juu ya sufuria ya mboga na kwenye mapafu ya anayepuliza. Chupa iliyotobolewa na kuzikwa kando ya mche wa mwarobaini, ikidondosha maji polepole, inaokoa mti na kumwepusha mtu na moshi huo kwa miaka kadhaa. Baadaye itapasuka, vipande vibaki udongoni. Nalijua hilo, na bado nimezika sita.

Nyumbani kwetu sasa madumu ya maji ya kunywa yana uzi mwekundu kwenye mkono. Yasiyo na uzi ni ya kufulia, ya bustani, ya chochote. Wiki iliyopita mgeni alichota kwenye lisilo na uzi, na ilibidi nimweleze mfumo wote huku kikombe kikiwa kimefika mdomoni.