Haikuwa Sidiria

Wapendwa, haikuwa sidiria. Tulimalize hilo kwanza, maana tangu jana usiku simu yangu inaita kama ya mpiga debe, na hata binamu yangu wa Tabora, aliyepotea hewani siku nilipomkumbusha hela yangu, kaibuka na swali moja tu: "Ya pili iko wapi?"

Mlichokiona kwenye stetasi ya shosti wangu (anajijua, na sahani zangu 6 azirudishe), ile video kajibandika kitu nilichofuma mimi kifuani, ni mwisho wa jambo. Mwanzo kaukata, katikati kakata, kaacha kicheko chake mwenyewe. Sasa kaeni niwape lote, kisha mcheke kwa haki.

Kilikuwa kitambaa cha mraba. Yaani kilikusudiwa kuwa mraba. Duara katikati, kona 4 pembeni, ndugu yake vile vitambaa vilivyotandazwa kwenye makochi ya mama zetu, na juu ya redio, na juu ya televisheni, na kwa wenye bidii hata juu ya jagi la maji. Nani kati yenu hajawahi kuinuka kwenye kochi la ugenini kitambaa kikamng'ang'ania mgongoni, akaondoka nacho mpaka mlangoni?

Kwenye kikoba chetu mwenzetu mmoja kajifungua, mtoto wa kike, na arobaini iko karibu. Mama Mwenyekiti akasema safari hii mambo ya beseni na kanga peke yake basi, tumfumie mtoto blanketi. Vipande 30, mistari 6 ya vipande 5, kila kipande sentimita 15. Tuko 15 ukimtoa mzazi, kwa hiyo kila mtu viwili. Asiyejua kufuma atoe 5,000, atafumiwa.

Mlango wa kutokea huo hapo, umefunguliwa, una na zulia. Na mimi nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nikasema, "Mimi ni mtoto wa fundi."

Ni kweli. Mama yangu alifundishwa kufuma shuleni, enzi za sayansi kimu, na vitambaa vyake vimelipa ada yangu zaidi ya muhula mmoja. Ila mimi wakati anafuma nilikuwa nauangusha mpira wa uzi makusudi ili paka aukimbize. Huo ndio mchango wangu wote kwenye ufumaji kabla ya mwezi huu.

Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kaumwa?"

Nikamweleza. Akafurahi mpaka nikaona aibu. Akasema, "Anza na minyororo mitano, iunganishe iwe pete, kisha fuma nguzo zako ndani ya pete." (Minyororo ni vitanzi vinavyofuatana, nguzo ni mishono inayosimama juu yake.) Nikamwambia mama, hiyo inaacha tundu katikati. Akasema tundu dogo, nani atachungulia. Nikamwambia siku hizi kuna kitanzi cha kuvuta: unazungusha uzi kidoleni, unafuma humo ndani, ukimaliza unavuta mkia wa uzi na tundu linajifunga kama mdomo wa mfuko wa sukari. Nimeona kwenye video.

Mama akanyamaza. Kisha akasema, "Haya. Lakini huo mkia, mwanangu, usije uka..."

Mtandao ukakatika. Sawa, niseme ukweli, nilikata mimi. Nilishaingia kwenye video nyingine.

Hapa wafumaji watanielewa, wengine vumilieni kidogo. Nilikuwa na video mbili. Moja ya dada wa Marekani, ndiyo iliyonifundisha mikono: akisema "dabo" anamaanisha nguzo ndefu, unazungusha uzi kwenye kroshia, ile sindano yenye ndoano, kwanza halafu unaingiza. Ya pili ya bibi mmoja wa Uingereza, sauti tamu kama anasoma hadithi ya usiku, ndiyo niliyochukua hesabu: dabo 6 kwenye kitanzi, mzunguko wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24. Ambacho hakuna aliyenidokeza ni kwamba kwa Waingereza "dabo" ni nguzo fupi, kama njiti ya kibiriti. Jina moja, vitu viwili. Nguzo ndefu duara lake huanza na 12, na kila mzunguko unaongeza 12 nyingine ili lilale chini. Mimi nikachukua nguzo za Marekani nikazipangia hesabu ya Uingereza.

Ukinyima duara nguzo, halilali. Linanyanyuka. Mzunguko wa pili nikaona lina kashimo, nikasema litatulia. Wa tatu likashika umbo la kikombe cha kahawa. Wa nne ungeweza kupakulia uji.

Nikaendelea. Msiniulize kwa nini. Nikagawa zile nguzo 24, kila baada ya 6 kona: nguzo 3, minyororo 2, nguzo 3 tundu lilelile. Kona zikatoka nzuri jamani, kona zangu hazina lawama. Ila sasa nina bakuli lenye ukingo wa mraba. Mwanangu wa darasa la pili akalichukua, akaligeuza, akalivaa.

"Mama, nimehitimu."

Kweli kabisa, kofia ya mahafali. Ilikosa kishungi tu.

Usiku ule nikalilaza chini ya godoro. Asubuhi limeamka na umbo lake. Nikalipiga pasi. Uzi wenyewe ule wa sweta wa Kariakoo, ndugu wa plastiki, na mimi nikaweka moto wa kupiga kitenge. Ukafanya "fyuuu", ukanuka kama kifuniko cha ndoo jikoni, ukalegea. Ulikuwa na uhai, ukawa mlenda. Ukang'aa. Bakuli halikusimama tena, likawa linajilaza upande, limechoka, kama linalokumbuka ujana wake.

Nikalitazama, nikasema, angalau ni safi. Pale katikati kulikuwa na kamkia ka uzi kananing'inia kama mkia wa panya. Nikachukua mkasi wa kucha.

Wafumaji, nawasikia mnavyopiga kelele. Mmechelewa.

Jana sasa, saa 10 jioni, nyumbani kwa mzazi, mkekani. Cha pili sikumaliza, nikaenda na kimoja, nikakichomeka katikati ya rundo la wenzangu kama anayeingiza noti iliyochanika kwenye mchango wa msikitini. Mama Mwenyekiti akaanza kuvipanga. Vya watu vimelala chini kama chapati. Kipande baada ya kipande, mstari baada ya mstari, kijani, nyeupe, kijani. Halafu mkono wake ukafika kwangu.

Akakilaza. Kikainuka. Akakilaza tena, akakipapasa kama mgongo wa mtoto anayelala. Akaondoa mkono. Kikainuka taratibu, upande mmoja kwanza.

"Hiki cha nani?"

Ningeweza kunyamaza. Watu 15, nani angejua? Shosti wangu akasema, "Cha mtoto wa fundi."

Mama Mwenyekiti ni mtu mzima, ana huruma. Akashusha miwani yake kutoka kipajini, ile ambayo mguu mmoja umefungwa kwa uzi, akakinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Si kibaya. Kimevutwa sana tu. Kinahitaji kunyooshwa." Akaingiza ngumi ndani ya bakuli langu ili akinyooshe.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake hasa. Nilikiona kitu kikianza. Pale katikati, kilipokuwa kimefungwa, pakatokea nukta ya mwanga. Kama punje ya choroko. Nikajiambia ni kivuli. Choroko ikawa njegere. Njegere ikawa shilingi 50, ile ya shaba. Hakukuwa na sauti yoyote, hilo ndilo lililoniumiza. Kitu kikivunjika hulia, watu wakasema pole. Hiki kilikuwa kinafunguka kimya kimya, kwa adabu, kama jicho la mtu anayeamka. Kauzi ka kitanzi kakachomoka kote, kakabaki kananing'inia. Nguzo ya kwanza ikaachia. Ya pili. Nikawa nazihesabu, ndiyo mara pekee mwezi huu nilipohesabu sawasawa: tatu, nne, tano, sita.

Mkono wa Mama Mwenyekiti ukatokea upande wa pili. Vidole, kiganja, pete ya ndoa, mpaka kwenye saa. Kipande changu kikamkaa kwenye kifundo kama bangili ya harusi ya Kihindi.

Hakuna aliyecheka. Ndiyo nasema bora wangecheka. Akakivua polepole, akakinyanyua tena kwenye mwanga, akakisogeza usoni, na kupitia lile tundu nikaona jicho lake, na miwani, na ule uzi wa mguu wa miwani, vinanitazama.

Akasema kwa upole kabisa, "Nakuona, mwanangu."

Nilitaka kusema kitu. Kinywani palikuwa na kashata nzima. Nikaitikia kwa kichwa.

Na hapo, jamani, bibi yake mtoto, mama mkwe wa mzazi, mtu wa tasbihi, aliyekaa kwenye kiti pembeni na ambaye tangu tumefika alikuwa hajasema zaidi ya marahaba, akainua shingo. Akakitazama kile kitu kilicholegea, kinang'aa, bonde kama bonde, tundu katikati, kona mbili zinaning'inia juu kama mikanda. Akauliza, siyo kwa utani, aliuliza akitaka kujua:

"Hicho ni cha mtoto, au ni cha mama, cha kunyonyeshea?"

Niliona mabega ya watu 13 yakianza kutikisika. Mzazi mwenyewe akashika tumbo akasema mshono, mshono, msinichekeshe. Shosti wangu akasimama. Akakipokea kutoka kwa Mama Mwenyekiti kwa mikono miwili, kwa heshima, akajibandika kifuani juu ya dera, upande wa kushoto, akageuka kwenye simu ambayo sijui nani alikuwa kaishika tayari, akasema, "Tunapokea oda, moja moja kama za miguu ya kuku."

Hizo ndizo sekunde mnazozijua.

Yaliyobaki mafupi. Nimepigwa faini 2,000 na nikatoa ile 5,000. Vipande vyangu viwili vimefumwa na binti wa jirani, palepale, huku anaongea na simu, hata hakuangalia mikono. Blanketi limetoka zuri. Mimi nimeandikwa kwenye daftari la kikoba kuwa msimamizi wa maji ya kunywa.

Mama kapiga leo alfajiri. Kabla ya shikamoo nikasema, mama usicheke. Akasema hacheki, anakohoa. Akakohoa kama dakika mbili. Kisha akauliza, "Mkia uliukata kwa nini?" Nikamwambia ulikuwa unafanana na panya. Akakohoa tena.

Chenyewe kipo. Kwa wale mnaouliza kama nimekichoma, hapana, dada wa kazi kakiomba, anakikunja anakitia kichwani akibeba ndoo. Anasema ni ngata ambayo haijawahi kutokea, haitelezi na nywele hazilowi. Nusu saa sasa anapita nayo mbele ya dirisha na simwambii kitu.

Na kuna namba siijui, anasema yuko Dodoma. Kaandika: "Habari dada, nimeona bidhaa yako. Jozi bei gani, na saizi 38 ipo?"

Nimeikodolea macho kama dakika 10. Nimemjibu 20,000, malipo kabla ya kazi.